UZI: Sesame Street tangu 1969, ilivyoundwa, ilivyopimwa na ilipokwama

#1 Kinasa Mawimbi

Wakuu, kila vipindi vya watoto vikitajwa humu, Sesame Street huwekwa kwenye fungu la vikaragosi na nyimbo, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Kilichokifanya kidumu hewani tangu tarehe 10 Novemba 1969 ni kwamba kila kipande kilipelekwa kwa watoto, kikapimwa, na kilichopwaya kikang'olewa. Nitafuata njia hiyo. Wenye ujuzi wa vikaragosi na masuala ya kurusha matangazo, jazeni.

Februari 1966 Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa televisheni New York, alialika wageni kwa chakula cha jioni. Mmoja wao, Lloyd Morrisett, mwanasaikolojia wa Carnegie Corporation, akasimulia jinsi mwanawe mdogo alivyokuwa akiamka alfajiri na kukaa mbele ya runinga kabla hata matangazo hayajaanza. Cooney alikuwa anajua kwamba watoto wadogo Marekani walikuwa wakiimba matangazo ya bia neno kwa neno. Wakajiuliza: akili inayoshika bia itashindwaje kushika herufi?

Cooney akaandika ripoti, na mwaka 1968 ikaundwa Children's Television Workshop kwa dola milioni 8. Karibu nusu ilitoka serikalini, iliyobaki ikatoka hasa kwa taasisi za Carnegie na Ford. Pesa ilipatikana kabla ya kikaragosi hata kimoja. Kiangazi hicho zikafanyika semina tano za siku tatu tatu chini ya Gerald Lesser wa Harvard, walimu, wanasaikolojia, waandishi na wachoraji wakiwa chumba kimoja. Malengo yakaandikwa kwa namna inayopimika. Hawakuandika "mtoto apende kusoma." Waliandika kwamba mtoto akionyeshwa herufi iliyochapwa, aichague inayofanana nayo kati ya herufi nyingine. La kwanza huwezi kulipima, la pili unalipima kwa dakika mbili.

Halafu kikaja kipimo chenyewe, kazi ya Edward Palmer, mkuu wa utafiti. Mtoto anakaa mbele ya televisheni inayoonyesha kipande cha majaribio. Pembeni kuna skrini ya pili yenye projekta ya slaidi, na slaidi inabadilika kila sekunde 7.5. Mtazamaji anaandika tu: sasa hivi macho yako kwenye kipindi au kwenye slaidi? Ukikusanya watoto kadhaa unapata grafu inayopanda na kushuka, na unaona sekunde ambayo kipindi kilimpoteza mtoto. Watu wazima wawili wamesimama wanaongea, mstari unaporomoka. Wanyama, watoto wenzao, mtu kuteleza na kuanguka, kitu kinachorudiwa, mstari unapanda.

Julai 1969 zikatengenezwa episodi tano za saa moja kila moja, za majaribio tu, zikaonyeshwa katika nyumba 60 mjini Philadelphia. Matokeo yalitisha. Vikaragosi na katuni vilishika watoto, lakini mtaa wenyewe, yaani uti wa mgongo wa kipindi, ndio uliowapoteza. Sababu ilijulikana: wataalamu walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na binadamu, eti mtoto atachanganya njozi na ukweli, kwa hiyo mtaani walibaki watu wazima wakiongea. Hewani ilikuwa Novemba. Wakaupuuza ushauri, wakatengeneza vikaragosi vya kuishi mtaani: Big Bird, yule ndege mkubwa, na Oscar the Grouch. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya kipindi hiki.

Kuna jaribio jingine dogo ninalolipenda. Walimrekodi mwigizaji James Earl Jones akitaja herufi za alfabeti polepole mno, herufi inatokea kando ya kichwa chake, kimya, kisha anaitaja. Mtoto akitazama mara ya kwanza anasikiliza tu. Akirudia, anataja herufi baada ya Jones. Akirudia tena, anamtangulia. Ule ukimya ambao mhariri yeyote angeukata ndio uliofundisha.

#2 Tumbili wa Kati

Mkuu umeshusha nondo. Maswali mawili ya haraka. Elmo alikuwepo tangu mwanzo? Na Oscar nimeona picha ya zamani ana rangi ya chungwa, ni picha imeharibika?

#3 Kinasa Mawimbi

Picha iko sawa. Msimu wa kwanza Oscar alikuwa rangi ya chungwa kweli, kijani kikaanza msimu wa pili, na mtaani ikaelezwa kuwa ni unyevu wa kinamasi alikokwenda likizo. Elmo hapana. Kikaragosi hicho chekundu kilionekana nyuma nyuma tangu miaka ya 1970 bila umuhimu wowote. Kevin Clash alipokichukua katikati ya miaka ya 1980 na kukipa sauti ile nyembamba, ndipo kikapata maisha.

#4 Sponji na Sindano

Naingia kwenye vikaragosi, maana watu hudhani ni kuingiza mkono kwenye soksi.

Mchezeshaji yuko chini ya fremu ya kamera, mkono wa kulia umenyooka juu ya kichwa, macho kwenye monita. Monita inaonyesha anachokiona mtazamaji, haigeuzi picha kama kioo. Ukikisogeza kikaragosi kulia kwako, kwenye monita kinakwenda kushoto. Wanaoanza hukigeuza kikaragosi kinyume na yule kinayeongea naye, na hapo hadhira inaona kabisa kwamba hakitazami mtu.

Kosa la pili la wageni ni mdomo. Vidole vinne viko kwenye taya la juu, dole gumba kwenye taya la chini. Kinachotakiwa kushuka ni dole gumba. Ukiinua vidole, kichwa kizima kinafunguka kama kifuniko cha sanduku na macho yanaelekea darini kila neno. Kisha, mdomo unafunguka kwenye silabi na kufunga ikiisha. Ukifanya kinyume, kikaragosi kinaonekana kinatafuna maneno.

Mikono iko ya aina mbili. Bert ana fimbo nyembamba kwenye viganja, mchezeshaji anazishika kwa mkono wa kushoto. Ernie na Cookie Monster wana mikono ya glavu, na hapo wanahitajika watu wawili: wa kwanza mkono wake wa kulia uko kichwani na wa kushoto ndani ya glavu ya kushoto, wa pili anavaa glavu ya kulia tu na kumfuata mwenzake. Ndiyo maana vikaragosi vingi vya Jim Henson, mbunifu wa vikaragosi vya kipindi hiki, hushika vitu kwa kushoto. Mkono wenye akili ya mchezeshaji mkuu ni huo, ule mwingine ni wa msaidizi.

Ngozi ni kitambaa cha nailoni chenye manyoya mafupi, kinatiwa rangi kwa mkono na kuvalishwa juu ya sponji. Kazi ngumu ni mshono. Taa za studio ni kali na zinapiga kutoka juu, mshono wa kawaida unaonekana kama kovu. Mafundi wa Henson hushona kingo mbili zikiwa zimekutana bila kupandana, uzi ukipita chini ya manyoya, kisha manyoya yaliyobanwa yanatolewa nje kwa ncha ya sindano mpaka mstari upotee.

#5 Bi Msimu

Sponji na Sindano, weka na Big Bird ndugu yangu. Yule ni vazi au kikaragosi?

#6 Sponji na Sindano

Vyote viwili, na hapo ndipo penye kazi. Urefu ni karibu sentimita 249. Alijengwa na Kermit Love kutokana na michoro ya Henson, na aliyemcheza tangu 1969 ni Caroll Spinney, huyohuyo aliyemcheza Oscar.

Ndani kuna mtu mmoja aliyefunikwa kabisa. Mkono wa kulia umenyooka juu kupita kichwa chake, ndio shingo na kichwa cha ndege. Kichwa hicho kina uzito wa karibu kilo 1.8, jaribu kukishikilia juu huku ukiongea na kuimba. Kidole cha mwisho kinavuta wenzo mdogo unaosogeza kope. Mkono wa kushoto unaingia kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halina mtu: limejazwa, na limefungwa kwa uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, unaopita kwenye kitanzi chini ya shingo hadi kifundo cha mkono wa kushoto. Ukishusha la kushoto, la kulia linapanda. Ukitazama kwa makini utaona mabawa yake yanakwenda kinyume kila mara. Tukio likihitaji mabawa yote mawili yafanye kazi, mchezeshaji mwingine anaongezwa kwa bawa la kulia.

Hana tundu la kuonea. Kifuani kwa mchezeshaji kuna monita ndogo, na kurasa za maneno yake zinabandikwa humohumo ndani. Maana yake anaona ndege kutoka nje, kama mtazamaji, na hajui miguu yake iko wapi isipokuwa kamera imemwonyesha. Kamera ikimkaribia usoni, sakafu imepotea.

Spinney aliacha kuvaa vazi mwaka 2015 kwa sababu ya shida ya kupoteza mizani, akaendelea na sauti tu mpaka alipostaafu 2018. Matt Vogel, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, ndiye akarithi. Ukilinganisha na vipindi vingine, kurithishana huku ni jambo la kuigwa: mrithi alikaa ndani ya manyoya hayohayo kabla mwenyewe hajaondoka.

#7 Antena ya Dari

Kuna kitu hakijaguswa na ndicho kinachoeleza nani alikiona kipindi na nani hakukiona. Marekani wakati ule televisheni ilirushwa kwenye bendi mbili za mawimbi: VHF ilikuwa chaneli 2 hadi 13, UHF 14 hadi 83. Vituo vya elimu katika miji mingi vilikuwa vimesukumiwa UHF. Boston walikuwa chaneli 2, New York 13, hao walipona. Washington ilikuwa 26, Los Angeles 28.

UHF ilikuwa na matatizo matatu. Mawimbi yake yanadhoofika haraka zaidi kwa umbali na kwa vizuizi. Ilihitaji antena yake, ile ya duara dogo nyuma ya seti. Na kitufe chake kilikuwa kinazunguka bila kukwama kwenye namba, unakitafuta kituo kama unavyotafuta stesheni ya redio, wakati VHF ulikuwa unasikia "ta" na chaneli imekaa. Sheria ya 1962 ililazimisha seti mpya, kuanzia 1964, zipokee bendi zote mbili. Mwenye seti ya kabla ya hapo ilibidi anunue kisanduku cha kubadilishia. Na seti kuukuu ziko kwa nani? Kwa familia zilezile ambazo kipindi kilitengenezwa kwa ajili yao.

Kuzuiwa nako kulikuwepo. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kisirushwe, shida ikiwa ni weusi na weupe kukaa mtaa mmoja. Habari ikavuja magazetini na uamuzi ukageuzwa baada ya wiki tatu hivi.

#8 Shaka Kidogo

Yote mazuri, ila swali la mzazi ni moja tu. Kilifundisha kweli, au watoto waliofundishika nyumbani ndio waliokuwa wanakitazama?

#9 Bi Msimu

Swali lako liliulizwa mwaka wa kwanza, kaka, na bado halijaisha.

Educational Testing Service, shirika la Marekani la upimaji wa elimu, ilitathmini msimu wa kwanza kwa watoto 943. Waliotazama zaidi walipanda zaidi, hasa kwenye herufi na namba zilizofundishwa moja kwa moja. Lakini utafiti uliharibika kwa sababu ya kuchekesha: kipindi kilipendwa mno, hata watoto waliopangwa kuwa kundi la kulinganisha wakakitazama. Mwaka wa pili watafiti wakahamia Winston-Salem na Los Angeles, kwenye nyumba ambazo bila kebo au kifaa cha UHF hazikipati, wakazipa nyumba nusu uwezo wa kukipokea. Yaani tatizo la Antena ya Dari hapo juu ndilo lililookoa tathmini.

Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake wakazipitia takwimu upya na kubana sehemu nyeti. Familia zilizohimizwa na watafiti kukitazama zilikuwa zinatembelewa na wafanyakazi wa utafiti, wanaleta vitabu, wanasisitiza mtoto atazame. Je, mafanikio ni ya kipindi au ya mgeni aliyebisha hodi? Wakasema pia kwamba mtoto wa familia yenye uwezo akitazama naye anapanda, kwa hiyo pengo linaweza lisipungue. Hoja hiyo ni nzito na mashabiki huirukaruka.

Jibu bora nililosoma ni la Melissa Kearney na Phillip Levine, wachumi, lililochapishwa 2019. Hawakuuliza nani alitazama. Waliangalia nani angeweza kukipokea, kwa kutumia umbali kutoka kwenye mnara na bendi ya VHF au UHF. Karibu theluthi mbili ya watu waliishi panapopokeleka. Watoto waliokuwa hawajaanza shule 1969 katika maeneo yenye mawimbi mazuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa darasa linalolingana na umri wao, na athari ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana na kwa watoto weusi. Kwa ajira na kipato cha ukubwani matokeo hayakuwa ya wazi. Mnara wa televisheni haujui mzazi gani ana bidii, ndiyo maana naukubali utafiti huu kuliko wa mwanzo.

#10 Tumbili wa Kati

Mnataja vilivyofaulu. Vilivyofeli je? Haiwezekani kila kitu kikakubali.

#11 Kinasa Mawimbi

Vipo. Kabla hata ya kuanza kulikuwa na mfululizo wa mpelelezi, The Man from Alphabet, waigizaji hai, gharama yake ya kutosha. Kwenye vipimo watoto hawakumwelewa wala kumfuatilia, ukatupwa wote.

Mfano mkubwa zaidi ni wa 1992. Waliandika episodi ambayo wazazi wa Snuffy, kikaragosi kikubwa chenye manyoya na rafiki wa Big Bird, wanaachana. Ikarekodiwa kikamilifu, ikapelekwa kwa watoto wa shule za awali kabla ya kurushwa. Watoto wengi walielewa vibaya: wakadhani wazazi wakigombana tu basi wataachana, wengine hawakuelewa kama baba bado anampenda mwanawe. Episodi ikawekwa kabatini, gharama na yote. Studio ngapi zingekubali hasara hiyo?

Linganisha na 1983. Will Lee, aliyemcheza mwenye duka Mr. Hooper, alifariki Desemba 1982. Wangeweza kusema kahamia Florida. Badala yake waandishi na watafiti walikubaliana: neno "amekufa" litumike, lisizungushwe kwa "amelala" au "amesafiri" kwa sababu mtoto ataogopa kulala au kusafiri, na iwe wazi kwamba harudi. Wakaipima, ikapita. Ikarushwa 24 Novemba 1983, siku ya Thanksgiving, makusudi, ili wazazi wawe nyumbani kujibu maswali.

Na Snuffy mwenyewe: kwa miaka mingi ni Big Bird tu aliyekuwa akimwona, watu wazima hawamwamini. Utani mzuri, mpaka habari za watoto kudhulumiwa zilipoanza kusikika sana Marekani. Mtoto akijifunza kwamba mkubwa haamini hata ukisema kweli, atanyamaza. Novemba 1985 watu wazima wakamwona.

#12 Shaka Kidogo

Sawa, hapo nimekubali. Na pesa? Siku hizi nasikia kiko kwenye huduma za kulipia.

#13 Bi Msimu

Miaka ya mwanzo ni saa nzima na episodi 130 kwa msimu. Msaada wa serikali ulipopungua, vitu vya kuchezea vya kuuza ndivyo vilivyobeba mzigo, na mwanasesere Tickle Me Elmo wa 1996 akawa kilele. Wakati huohuo watazamaji walikuwa wanazidi kuwa wadogo, hadi wa mwaka mmoja na miwili, na vipimo vikaonyesha umakini unakatika karibu dakika ya 40 hadi 45. Robo ya mwisho ikatolewa kwenye mtindo wa vipande vipande na kupewa Elmo peke yake, 1998, muundo uleule kila siku kwa sababu mtoto wa umri huo anataka kujua kinachofuata. Mwaka 2002 hadithi ya mtaani nayo ikaacha kukatwakatwa, ikasimuliwa mfululizo.

Shirika likabadili jina kuwa Sesame Workshop mwaka 2000. Makubaliano na HBO, chaneli ya kulipia, yalitangazwa 2015: kuanzia Januari 2016 kipindi nusu saa, episodi 35 kwa mwaka, PBS, mtandao wa televisheni ya umma usiolipiwa, inasubiri miezi tisa. Hilo halikupendeza wengi, maana kipindi cha mtoto maskini kikawa cha mlipa bili kwanza. Mkataba wa Netflix wa 2025 umeondoa kungoja huko. PBS inapata siku hiyohiyo.

#14 Antena ya Dari

Na huku kwetu kisisahaulike Kilimani Sesame, toleo la Tanzania kwa Kiswahili, lenye televisheni na redio, malaria ikiwa kati ya mada zake kuu. Utafiti wa Dina Borzekowski na Jacob Macha wa 2010 ulikuta watoto waliofikiwa zaidi walijua zaidi herufi, namba na habari za malaria. Redio ilikuwa busara, maana kipindi kisichopokeleka hakifundishi. Kusini mwetu, Takalani Sesame ya Afrika Kusini ilimleta Kami 2002, kikaragosi cha msichana wa miaka mitano anayeishi na VVU. Hakuna toleo jingine lililokuwa limethubutu.

#15 Tumbili wa Kati

La mwisho nawaacha. Cookie Monster anakula biskuti za kweli?

#16 Sponji na Sindano

Hapana. Biskuti ya kweli ina mafuta, na mafuta yakiingia kwenye manyoya hayatoki. Zamani walipaka rangi vitafunwa vya mchele. Sasa Lara MacLean, mtunza vikaragosi wao, anaoka mwenyewe: unga wa chapati za maji wa pakiti, mchele uliopulizwa, nafaka kavu ya Grape-Nuts, kahawa ya unga na maji. Kahawa ni kwa ajili ya rangi. Vipande vya chokoleti ni gundi ya moto ya rangi ya kahawia, imedondoshwa juu. Biskuti inatakiwa iwe nyembamba kiasi cha kupasuka mdomoni na kumwagika makombo, lakini isivunjike mkononi kabla kamera haijawashwa. Ukila haikuui, ila gundi uitoe kwanza.